Breki Kushika Sufuria Alhamisi

Kwa jina la Mola, ajuaye kila mtoto amelala kwa nani, tunafungua; na amani iwashukie waliolea na waliolelewa.

Waliokuwapo kijiweni kwa vyeo vyao ni hawa: Hakimu, yaani Bi Rawinia, aliyefagia mahakama miaka thelathini, Redio, yaani Falaniko, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea, na Breki, mzee Tamahou, dereva mstaafu wa basi. Benchi lao li mbele ya duka la mikate, mjini Porirua, ambako upepo hunywa chai pamoja nao.

Redio alikunjua gazeti.

"Sikieni! Idara ya watoto imepata dawa ya ndugu wasiohudhuria vikao. Kila atakayefika, chai na biskuti mbili!"

"Mbili?" Hakimu alishika kifua. "Kwa biskuti mbili mimi siinuki hata hapa."

"Wamefanya utafiti, dada."

"Wamemtafiti nani? Sungura?"

Breki hakucheka. Alhamisi, yaani kesho kutwa, kilikuwa kikao cha mjukuu wake Ngaio, wa miaka minne, aliyewekwa kwa walezi wasio ndugu tangu mamaye alazwe hospitalini. Desturi ya kikao ni maofisa watoke nje, ukoo uachiwe chumba, uamue mtoto akae kwa nani. Mara ya kwanza maofisa walipotoka, alibaki Breki na viti kumi na tisa.

"Sasa mkaamuaje, wewe na viti?" Redio aliuliza.

"Vilikataa kulea."

"Na dada'ko Parekura?"

"Miaka mitatu hatusemezani, tangu niseme viazi vyake vina mchanga. Msibani." Breki alifuta pua. "Asipokuja yeye, binamu hata mmoja haji. Na nikiwa peke yangu tena, mtoto ndio basi, anabaki kule. Nimemwandikia barua nne."

"Umemwambia akija afanye nini?" Hakimu alidakia.

"Akae, asikilize."

"Ebo! Nani kwenu aliwahi kuja mahali kukaa? Nyie mkija mnaingia jikoni! Mwambie utapika wewe."

"Mimi?"

"Wewe! Mbele ya maofisa! Kwa jina la marehemu mama yenu!"

Breki akatoa simu, akaandika kwenye kundi la ukoo: *Alhamisi napika mimi. Nyama ya kopo na kabichi.*

Simu ililia kabla hajairudisha mfukoni.

"Tamahou! Toka kwenye hiyo sufuria!" Sauti ya Parekura iliwafikia hata waoka mikate. "Unataka serikali iseme mama alitulea kwa kopo? Nakuja na kome magunia mawili, na binamu wote, na masufuria yao!"

"Asante, dada."

"Siji kwa ajili yako! Wewe utamenya viazi, na ukifungua mdomo nakumwagia maji yake!"

Redio alirusha gazeti juu. Hakimu akamzuia kwa kidole, kwani Parekura alikuwa hajakata simu.

"Mtoto anapenda kula nini?" Parekura aliuliza, safari hii polepole.

Breki aliwapa wenzake mgongo. "Sijui, dada. Nikienda kumwona, hali kitu. Ananitazama tu."

"Basi nitapika vyote. Achague."

Hakimu akagonga kikombe kufunga kikao, nao wakatawanyika, kila mmoja kaushika ukosi wa koti lake. Mola awape kauli moja watakaobaki chumbani Alhamisi, maofisa wakishatoka. Amin.