Karatasi za Panya Buku

Jumatatu, 4 Agosti

Siku imeanza vibaya. Dada ametangaza kwamba filamu yetu ikishaonyeshwa maktabani Jumamosi, atabaki na mchoraji mmoja tu. Anasema chumba hiki cha juu ya fundi cherehani hakitoshi watu watatu. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mdogo wake wa tumbo moja. Akasema tumbo halichori.

Nikiachwa mimi, narudi dukani kwa Mjomba kupima misumari. Nimeshaipima. Hatuelewani.

Filamu yenyewe ni ngano fupi ya katuni, yote kwa mkono. Kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba mwenye huruma, ana karanga moja. Panya Buku mlafi ana ghala zima na bado anaitaka hiyo moja. Mwenzangu, tunayemwita Mpole, anamchora Kalunguyeye. Mimi nimepewa Panya Buku. Nilimuuliza Dada kwa nini mlafi awe wangu. Akakohoa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata akili. Kila mchoro hupigwa picha, na picha zikipitishwa mfululizo ndipo mnyama anatembea. Kwa hiyo mwenye michoro mingi ndiye atakayeonekana sana. Na atakayeonekana sana, nani atamwacha?

Tatizo ni karatasi. Zile zetu za kuchorea, zenye matundu upande wa juu ili zishikwe na vijiti vya meza zisicheze, zimebaki rundo moja kabatini. Mpole aliposhuka kuleta chai, nilihamisha zaidi ya nusu na kuzificha chini ya mto wa kiti changu. Nimekaa juu yake mchana kutwa, miguu ikining'inia. Mpole amesema leo naonekana mrefu. Nimemjibu ni furaha.

Jumatano, 6 Agosti

Nimechora kipande kikubwa kuliko vyote: Panya Buku ananyoosha mkono kuipokonya ile karanga ya mwisho. Dada alitaka mkono ufike kufumba na kufumbua, michoro michache tu. Mimi nimeuchora katika kila hatua ya safari yake, kila ukucha, kila unywele. Unywele mwingine si wangu. Fundi wa chini akikanyaga cherehani, meza hutetemeka na Panya huota ndevu.

Alasiri karatasi zikaniishia. Zote, hata za kiti! Nikanuna. Mpole akauliza kulikoni. Nikamwambia karatasi za siku hizi hazidumu. Akanisogezea zake, akisema Kalunguyeye atajibana na michoro michache. Nilimsikitikia kwa kutojua mambo ya dunia. Nikazichukua.

Alhamisi, 7 Agosti

Dada amepiga picha michoro yote, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye mkono wa Panya alibadilisha betri ya kamera. Aliponitazama, nilijifanya nachonga penseli. Sasa imebaki fupi kama jino.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwisha.

Tumeitazama filamu. Mkono wa Panya Buku haupokonyi kitu. Unakwenda taratibu mno, kama wa mtu anayejaribu maji ya baridi kwa kidole. Nilisahau somo la kwanza kabisa la kazi hii: ukijaza michoro katikati, mwendo unapungua. Hata anayeanza leo anajua. Na Kalunguyeye, kwa uchache wa michoro yake, anaitoa karanga mara moja, kabla Panya hajamaliza hata kuomba.

Dada aliitazama mara mbili. Kisha akasema hakuna muda wala karatasi ya kurekebisha, itaonyeshwa hivyo hivyo. Nilimpigia Mjomba kumjulia hali. Akasema misumari ipo. Nimelia kidogo chooni, bomba likiwa wazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Maktaba ilijaa watoto. Nilikaa karibu na mlango, kwa usalama. Mkono wa Panya ulipoanza safari yake, watoto wakainua shingo. Nilifumba macho nikisubiri kuzomewa. Nikamsikia binti mmoja wa mstari wa mbele akimweleza mwenzake kwamba panya anaona haya, ndiyo maana hachukui haraka. Kalunguyeye akampa karanga, upesi, bila kuwaza. Watoto wakashusha pumzi. Nilifumbua macho. Sijui nini kilinipata, lakini nilimwonea huruma yule panya mwenye ndevu nyingi.

Mkutubi aliomba irudiwe. Baadaye akatuambia tuhamie chumba cha nyuma cha maktaba, tena anataka ngano nyingine. Chumba kinatosha watatu!

Dada alinivuta kando. Alikuwa ameshaamua kubaki na Mpole, lakini jana Mpole alimwambia kwamba wakiniacha mimi, naye anaondoka, kwa sababu panya mwenye haya vile hakuna mwingine wa kumchora. Nilitaka kujibu. Dada akaongeza kwamba anajua karatasi zilikuwa wapi, na Mpole alijua tangu Jumanne, kwa sababu mtu mzima harefuki kati ya chai na chai. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nimeapa kubadilika, na nimeapa kwa moyo wote.

Jumatatu, 11 Agosti

Chumba kipya kina madirisha mawili na hakuna cherehani chini. Nimeamka mtu mwingine kabisa. Nimemshukuru Mpole, nimemfutia meza yake, nimemwachia upande wenye mwanga. Akacheka, akasema yamekwisha. Nilijisikia mwepesi.

Dada ameleta karatasi mpya. Amezigawa mbele yetu, nusu kwa nusu, akihesabu kwa sauti ili pasiwe na maneno. Mpole ametoka kutuletea chai.

Nusu yake inaonekana nene kuliko yangu.