Mia Kwangu, Moja Kwake

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa!

Shangazi katuita ofisini, mimi na Bila Shaka. Huyu ni mume wa binti yake, kwa hiyo ni shemeji yangu. Jina hilo nimempa mimi, maana ukimwomba lolote, hata kama hajalisikia vizuri, hujibu bila shaka. Yeye anauza magodoro yetu kwenye duka la mjini. Mimi niko hapa kiwandani, kwenye kompyuta. Shangazi kasema magoti yamemchosha, anataka kukaa nyumbani, na mmoja wetu atakuwa meneja. Atakayewahudumia wateja vizuri zaidi wiki hii ndiye. Uamuzi Jumamosi.

Miaka yote hii nakitazama kile kiti chake! Kina mikono miwili na kinazunguka.

Halafu, bila kujua, kanikabidhi kisu mwenyewe. Wateja wetu karibu wote huagiza kwa barua pepe. Wiki iliyopita umeme ulikatika kiwandani, seva, ile kompyuta inayozipokea, ikazima, barua zikakwama. Kwa hiyo kanunua seva ya pili na kuiweka duka la mjini, kwa Bila Shaka. Kaniagiza nipange rekodi za jina letu la mtandaoni ili barua zigawanywe sawasawa, na moja ikizima nyingine ipokee.

Sawasawa! Nimeitikia kwa adabu zote. Kisha nimefunga mlango.

Mambo yenyewe ni hivi. Barua ikitoka popote duniani kuja kwetu, kwanza inauliza rekodi: niende seva ipi? Rekodi zinataja seva zetu, kila moja na namba yake ya kipaumbele. Ukitaka mgawo sawa, unazipa zote namba ile ile. Mimi nimejipa mia. Yeye nimempa moja. Aokote makombo yangu yakizidi.

Tena kuna mahali pa kuandika muda ambao dunia itaikumbuka rekodi kabla ya kuja kuuliza upya. Watu huweka saa moja. Mimi nimeweka wiki nzima! Hata akitokea mjuaji akabadilisha, dunia itaendelea kunikumbuka mimi mpaka nimeshakaa kitini.

Nimefanya jaribio. Nimejiandikia barua kutoka hapa hapa mezani: Kwa Meneja mtarajiwa, hongera sana. Imefika kabla sijaondoa kidole. Nimeijibu kwa unyenyekevu.

Jumanne, 4 Machi

Barua za leo: moja. Niliiandika mimi.

Sina wasiwasi. Wateja wakubwa hawaandiki Jumanne. Nimejitumia nyingine tatu kuhakikisha njia haijaziba na zote zimefika mbio. Mfumo ni safi kabisa.

Bila Shaka kanipigia simu. Kauliza mtu anafutaje neno moja bila kufuta barua nzima. Maskini! Anaandika kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Nimemuuliza kwa upole kama ana barua nyingi. Kasema si nyingi sana, Shem, tunajitahidi. Nimemwambia asiwe na haraka, abonyeze taratibu. Nikakata simu nikacheka mpaka Mhasibu wa chumba cha pili kagonga ukuta.

Furaha ikinizidi huwa siwezi kunyamaza. Nimempigia mama mkwe. Nikamwamkia, nikamuuliza afya, nikamwambia mkwewe sasa ni meneja. Tangu nimwoe binti yake, mama huyu hajawahi kukosa la kusema juu yangu. Safari hii kasema Jumapili atakuja aione hiyo ofisi kwa macho yake mwenyewe.

Vizuri! Jumapili kiwanda kimefungwa, hakuna wa kutuharibia. Mke wangu kauliza umeneja huo nimepewa lini. Nimesema uko njiani. Karudi kukunja nguo.

Jumatano, 5 Machi

Aibu! Uchungu! Lakini pia mwanga.

Asubuhi sanduku la barua tupu. Mhasibu kaja kuuliza mbona lori limekwenda mjini mara tatu na dereva anarudi tena kupakia. Nikatoka nikaenda mjini, nikaingia dukani kwa mlango wa nyuma na kujibanza kati ya magodoro mawili ya futi sita.

Nilichokiona! Bila Shaka kalowa jasho, tai iko begani, anasoma kila barua kwa sauti na kuijibu, dum, dum, vidole viwili. Barua zinaingia hata kabla hajamaliza ile iliyotangulia. Watu wamesimama hadi nje. Wanatabasamu!

Aliponiona hakuuliza nafanya nini kati ya magodoro. Alinishika mikono yote miwili. Kasema afadhali umekuja Shem, tangu Jumatatu zinamiminika, hata chakula nakula nimesimama, na je, kwako nako ni hivi hivi? Nikamwambia kwangu ndiyo usiseme.

Nimerudi mbio na kufungua maelekezo. Ukurasa wa kwanza kabisa, tena kwa herufi nene. Namba NDOGO ndiyo inayotangulia! Ni kama foleni ya benki, mwenye namba moja anaitwa kwanza, na mwenye mia anasinzia kwenye benchi. Siku tatu nasinzia kwenye benchi nililojipangia mwenyewe!

Na majaribio yangu? Barua ninayojiandikia hapa ndani haitoki nje kuuliza njia. Seva inaona ni ya nyumbani, inaibakiza hapo hapo. Nilikuwa napiga hodi mlangoni kwangu na kujikaribisha.

Nikabadilisha mara moja. Moja kwangu, mia kwake. Nikapiga meza kwa furaha. Kisha nikakumbuka ile wiki. Dunia imeshakariri rekodi ya Jumatatu na haitauliza tena mpaka wiki iishe. Hakuna pa kuipigia simu. Nimeitafuta namba ya mtu wa kumlalamikia na mtu huyo ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu si Athumani! Nimepata dawa!

Rekodi inasema ya kwanza ikizima, barua ziende ya pili. Basi izime ya kwanza. Nimekwenda mjini na kitambaa, nikamwambia Bila Shaka nimekuja kuipangusa seva yake vumbi. Kanishukuru sana, hata kaniletea kigoda. Nimepangusa. Kisha nimechomoa waya wa mtandao, nikauacha umeegemea pale pale kama uliochomekwa.

Nilipofika kiwandani nilikuta barua thelathini! Nilipiga kelele. Mhasibu kaja, nikamwonyesha skrini, kasema haya, hongera, sasa zijibu.

Hapo ndipo nilipokwama kidogo. Zote ni mazungumzo yaliyoanza na mtu mwingine. Mwenye hoteli: tuletee kama tulivyokubaliana jana. Mkuu wa shule ya bweni: idadi ni ile ile, ila vipimo viwe vile ulivyopendekeza. Daktari wa meno kashukuru kwa ushauri juu ya mgongo wake na kuuliza kama aendelee kulala vile vile.

Vile vipi? Ningeweza kumpigia Bila Shaka nikamuuliza. Nisingempa raha hiyo hata kwa dawa! Nikatumia akili. Hoteli ina familia, familia ina watoto, basi magodoro ya watoto. Shule ina wanafunzi wanaokua, basi makubwa, futi sita kwa sita. Daktari nimemwambia aendelee, tena azidishe. Kila barua nimeijibu haraka, kwa heshima, na chini nimeweka jina langu kamili na neno MENEJA kwa herufi kubwa. Lori limeondoka limejaa. Nimekwenda kukijaribu kiti Shangazi alipotoka kidogo. Kinazunguka vizuri mno.

Ijumaa, 7 Machi

Simu imelia tangu asubuhi. Si kwa pongezi.

Mwenye hoteli ana wageni wazima ambao miguu yao imelala sakafuni. Vitanda vya shule ni vyembamba vya ghorofa, na mkuu kasema magodoro yangu yamesimamishwa ukutani, watoto wamelala kwenye mikeka. Daktari kaja mwenyewe. Kaingia kwa ubavu, maana hawezi tena kuingia kwa mbele.

Shangazi katuita mimi na Bila Shaka, kachapisha barua zote na kuzitandaza mezani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Kasema, mwanangu, huyu meneja ni nani? Nimesema ni haraka ya vidole. Kauliza na waya wa dukani, ambao fundi kaukuta uko nje, nani kauchomoa? Nikafungua mdomo, na kabla sijasema lolote, Bila Shaka kasema, Mama, labda ni panya. Anaamini kabisa! Nimesema panya wa mwaka huu ni wabaya.

Jioni nzima Bila Shaka kazunguka na lori akibadilisha magodoro na kuomba radhi. Mimi nimebaki hapa natazama simu. Jumapili inakuja na mama mkwe hajui kuahirisha.

Jumamosi, 8 Machi

Kapewa Bila Shaka.

Niandike nini zaidi? Niliumia. Shangazi alitamka mbele ya wafanyakazi wote, wakashangilia, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka, ili mtu asione macho yangu. Kiti kile nilikitaka kweli.

Kisha likatokea jambo. Bila Shaka kaomba kusema neno. Kasema fundi aliyekuja kurudisha waya alimfungulia rekodi kwenye kompyuta yake na kumweleza zinavyokwenda. Kompyuta ya fundi nayo ilikuwa bado inaikumbuka ile ya Jumatatu! Basi Bila Shaka kasema, sauti ikikatika, kwamba Shem angeweza kujipendelea, kazi ilikuwa mikononi mwake. Lakini alimpa yeye nafasi ya kwanza, na mwenyewe akajiweka nyuma kabisa, namba mia. Nani leo angefanya hivyo?

Watu wakanigeukia. Shangazi kafuta macho kwa ncha ya mtandio. Kanikumbatia na kusema ya jana yamekwisha, hakujua kama nina moyo huo.

Nikasema familia kwanza. Nikainamisha kichwa kidogo. Nadhani nilipendeza.

Walipotawanyika nimemvuta Bila Shaka pembeni, nikamwomba ofisi kesho kwa muda mfupi, mambo ya kifamilia. Hakuuliza. Bila shaka, kasema, akanipa ufunguo.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mama mkwe kaja na dada zake wawili. Nilikuwa nimeshakaa. Nikawaachia wazunguke chumba chote, waguse kabati, kisha nikazunguka nusu duara na kurudi. Dada mmoja kasema eh.

Mara mlango ukagongwa. Bila Shaka! Amebeba sinia la chai. Nilitaka ardhi ipasuke. Kumbe mke wangu alimweleza yote jana usiku. Kawaamkia wakubwa wote kwa zamu, kawamiminia, kisha kanigeukia na kuuliza, Meneja, sukari ngapi? Nimesema mbili. Katoka kinyumenyume na kufunga mlango polepole.

Mama mkwe alikunywa nusu kikombe. Kisha kasema, na hili sijawahi kulisikia kinywani mwake, kwamba alinidharau bure. Nilikaribia kulia. Halafu kasogea, kashusha sauti. Kasema nimtazame sana yule mtu wa chai. Mpole kupita kiasi. Watu wa namna ile ndio wanaokalia viti vya wenzao.

Nimewaza jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Mama huyu ana macho! Mtu anakuazima ofisi, anakuletea chai, anakuita meneja mbele ya wakwe zako, na hadai kitu. Kwa nini? Anatafuta nini? Shangazi anataka seva ya tatu iwekwe kabla ya mwisho wa mwezi na kazi ya kuzipanga ni yangu. Namba nimeshazichagua.

Nimemweleza mke wangu. Kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemjibu kwamba huyo hakupima kina. Mimi kesho asubuhi naanza kupima.