Antena Sita kwa Ajili ya Ta Mutalemwa

Jumanne, 10 Juni
Kemilembe amepiga simu. Baba yake mkubwa, Ta Mutalemwa kama Wahaya wanavyomwita mzee, ndiye aliyemlea, na amesema hapokei barua ya posa kabla hajamwona mposaji. Magoti hayamruhusu kupanda meli. Basi ataniangalia kwa simu ya video Jumapili baada ya misa, yeye Bukoba, mimi hapa Igogo. Akinikataa, imekwisha. Kemilembe hatampinga mzee huyo hata kwa ajili yangu. Hata kwa ajili yangu!

Bando la simu yangu hukatika kabla sijamaliza kusema shikamoo. Lazima ninunue ruta. Kemilembe ameshauri ile ndogo ya kuweka laini, maana inamtosha mtu wa chumba na sebule, kisha pesa inayobaki iende kwenye kifurushi chenye kasi. Ushauri si mbaya. Ila yeye anafundisha darasa la pili huko Misungwi. Mimi ni mtu wa kuona mbali.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda Makoroboi. Nani nimemkuta dukani? Venant! Jirani wa mlango wa pili, mtu wa kujisifu hata kwa ndala mpya. Kanunua ruta ndogo, kaipakata kama kifaranga. Muuzaji akaniuliza nyumba ina vyumba vingapi na watumiaji wangapi. Venant katega sikio. Ningesemaje? Nikasema vyumba tisa, ghorofa. Na Venant tumepanga nyumba moja! Akakohoa tu.

Muuzaji akashusha ruta nyeusi yenye antena sita, kama mende aliyelala chali. Nikaipenda. Pesa iliyobaki imetosha kifurushi cha chini kabisa. Muuzaji alinionya kuwa kasi hutoka kwenye kifurushi, si kwenye antena. Watu wana maneno.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeijaribu. Picha inasuasua. Roho juu! Sikula mchana.

Wazo limenijia nikinyoa ndevu: niwauzie wapangaji wenzangu nenosiri, pesa hiyo inunue kifurushi kikubwa kabla ya Jumapili. Akili hizi! Wamenunua wote isipokuwa Venant. Nimehamishia ruta dirishani, antena zielekee uani, wateja wasilalamike.

Pesa yao nimenunulia koti na tai. Mzee ataanza kuona koti kabla ya kuona kifurushi. Kemilembe ameuliza kama nimejaribu simu ya video. Nimemwambia inateleza kama kambale.

Jumapili, 15 Juni
Aibu! Aibu tupu!

Mzee alitokea amevaa kanzu na koti, mkewe Ma Prudencia akimshikia simu. Nikainamisha kichwa, nikaweka mkono kifuani, nikaamkia. Akaitika marahaba, akasema ana maneno machache kuhusu ukoo wao. Hapo hapo akaganda, mdomo wazi.

Nikapiga kelele, halo, halo! Nikakimbilia uani kuwasihi wapangaji wazime simu zao. Wanaangalia mpira, wote. Wakanijibu kwamba wamelipia. Venant akanikaribisha nikatumie mtandao wake, eti unapita bila shida. Nikakataa. Afadhali nife mseja. Nikarudi ndani, nikapanda juu ya meza kuigeuza ruta, tai ikanasa kwenye antena, tukaanguka pamoja. Nilipoinuka, simu ilikuwa imekatika.

Kemilembe amepiga, sikupokea. Ninampenda yule mwanamke. Nimempoteza kwa ajili ya mpira wa watu wengine. Nimelia mpaka koti limelowa.

Jumatatu, 16 Juni
Simu yake tena. Nimepokea. Barua imepokelewa!

Ta Mutalemwa amemwambia, "Waitu, mwanangu, vijana wa siku hizi hukatiza wazee. Huyu nimemweleza ukoo wetu mpaka babu wa babu, kichwa kainamisha, mkono kifuani, hata kope hakupepesa!" Ma Prudencia naye ameguswa. Mzee anataka tuzungumze kila Jumapili, maana bado hajagusa habari za mashamba ya migomba na kesi za mipaka.

Kemilembe ameelewa mara moja kilichotokea. Amecheka, kisha akawa mkali. Ameniambia ninunue kifurushi cha maana, nimwombe mzee radhi, nimsikilize kwa masikio yangu mwenyewe. Nimeapa kwa jina la mama.

Baada ya kukata simu nimepanda hadi nyumba iliyo juu yetu mlimani, nikawauzia nenosiri wapangaji wote wa huko. Jumapili wakijaa mtandaoni, heshima yangu itakuwa ya kupindukia. Kemilembe anasema ndoa ni ya miaka mingi, siwezi kuganda maisha yangu yote.

Hajaiona ile ruta ya antena nane pale dukani.