Mawimbi ya Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Novemba 1985

Nimeshtuka. Marcelina, fundi mwenzangu wa nywele, ameleta kalikiti kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari! Boksi zima: dawa ya kukunja nywele, rola za plastiki, chupa ya kupulizia. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu wa Iringo, hapa Musoma, tayari wanachuruzika mabegani kama waliotoka kuoga sasa hivi. Wanaita fasheni.

Mimi, fundi wa nywele niliyejifundisha mwenyewe, nina kitana cha chuma, jiko la mkaa na vibanio vya nguo. Na akili.

Kinachogombewa si kidogo. Mama Eufrasia ana chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Ametamka kwamba atakayempamba vizuri mpwa wake Boke, anayeolewa Jumamosi, atapewa chumba hicho afungue saluni. Kwa sasa nafanyia kazi kwenye nyua za watu, kuku wakinipita miguuni.

Nimemwendea. Nimemweleza kwamba kalikiti imepitwa na wakati, Nairobi wameshaitupa, sasa ni mawimbi. (Nairobi sijafika. Hata Sirari.) Akauliza tofauti. Nikamwambia kalikiti ni vipete vinavyodai maji kila saa kama miche ya nyanya. Mawimbi ni nywele zilizolala, zinapanda na kushuka, hazidai kitu. Akasema nimletee kichwa akione.

Jumanne, 5 Novemba

Ushindi!

Nimempeleka Getruda, jirani yangu. Nywele za Getruda zina mawimbi tangu azaliwe. Babu yake mmoja alikuwa Mwarabu mwenye duka Bunda. Nilizilowesha, nikapitisha kitana chenye meno mapana, nikakaa pembeni. Zikajipanga zenyewe. Mama Eufrasia alikizungusha kichwa cha Getruda kama anayechagua tikiti, kisha akasema Boke ni wangu. Sikuona haja ya kumwingiza babu kwenye mazungumzo.

Marcelina alipita, akaniuliza kama na Boke nitamtafutia babu.

Wivu.

Alhamisi, 7 Novemba

Balaa. Nimemjaribu Boke leo. Nywele zake ni za kipilipili, ngumu, za ukoo wa Suguti uliochunga ng'ombe tangu zamani. Nilizichoma kwa kitana cha moto zikanyooka. Nikazikunja kwa vidole, nikabana vibanio. Mawimbi yakatokea! Nikatoa vibanio. Kabla sijameza mate zikaanza kuinuka, moja baada ya nyingine, kama watu waliosikia wimbo wa taifa.

Nimeduwaa. Nywele za mawimbi ukiziacha zinajipanga. Za kipilipili ukiziacha zinarudi kwao Suguti.

Nikapaka uji wa muhogo zishike. Ulipokauka ukawa mweupe, Boke akafanana na bibi yake. Hakukasirika, ndiyo mbaya zaidi. Alisema taratibu, "Kaka Bernado, mama mkwe anatoka Butiama kuja kuniangalia mimi. Usinitie aibu." Nikamwapia.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka visheti. Shira! Ikikauka haitingishiki! Tatizo ni sukari, madukani hakuna. Ipo ya harusi tu, iliyopatikana kwa kibali, nayo imefungiwa kwa Mama Eufrasia. Nimejitolea kwenda kuichambua mchanga. Amenisifu kwa moyo wangu. Sikuchota nyingi. Nimechota ya kutosha.

Jumamosi, 9 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi ilikuwa yangu. Mawimbi ya Boke yalilala, yaling'aa, ukiyagonga yanalia. Kanisani Marcelina aliyatazama mdomo wazi. Mama Eufrasia alinionyesha ufunguo wa chumba, akaurudisha kwenye pochi, akasema nitaupata baada ya picha.

Kwenye picha nikazidisha akili. Nilimshauri Stanislausi, mpiga picha, twende ufukweni: mawimbi ya ziwa nyuma, mawimbi ya bibi harusi mbele. Watu wote wakaona ni wazo la kisomi.

Tumejipanga, moshi ukasimama juu ya maji. Mtu wa Musoma anajua kwamba ule si moshi. Ni vile vijidudu vya ziwani, wingu zima, vinaenda na upepo. Siku zote vinapita. Leo havikupita! Vilifika kwa Boke, vikakaa. Shela jeupe likawa jeusi nikiangalia. Boke akafumba macho, akalia bila sauti.

Mama Nyamburi, mama wa bwana harusi, alimfuta mkwe wake kwa kiganja. Kiganja kikanata. Akakinusa. Akalamba kidole.

"Hii ni sukari."

Akalamba kingine.

"Mimi tangu Pasaka nakunywaga chai bila sukari," akasema, wala hakupaza sauti. "Kumbe imevikwa bibi harusi."

Mama Eufrasia alinigeukia. Nikaangalia ziwa.

Aliyesogea ni Marcelina. Alivua viatu, akamvua Boke shela, akamwinamisha majini, akamwosha. Nywele zikarudi kipilipili pale pale, kazi yangu yote ikaenda na maji. Hakutumia dawa wala rola. Alitoa ile chupa kwenye mkoba, akapulizia kidogo, akazikunja kwa ncha za vidole, akaziacha zijiviringe zinavyotaka. Vipete vidogo vidogo, vinameta.

Mama Nyamburi akamtazama, akasema, "Sasa namwona mkwe wangu."

Boke akacheka. Stanislausi akaniomba nitoke kwenye picha.

Jumapili, 10 Novemba

Habari zimefika kutoka Butiama. Chai ya harusi haikukolea. Meza ya wazee ilipewa peremende za kulamba. Nimetajwa kwa jina.

Jumatano, 13 Novemba

Chumba cha mbele kimefunguliwa. Kizuri sana, kina kioo. Nimo ndani tangu asubuhi: nabeba maji. Kalikiti inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Marcelina amenichukua kwa sharti kwamba nisiguse kichwa cha mtu. Boke ndiye aliyeniombea.

Huku nimebeba ndoo nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona.

Sukari nyeupe! Inang'aa. Vijidudu viliiona toka katikati ya ziwa. Sukari guru je? Nyeusi, rangi ile ile ya nywele. Havitaiona kabisa! Nimemwagiza Getruda anitafutie bonge.

Mama Nyamburi ana binti mwingine, anaolewa baada ya Krismasi. Nimeshamtumia salamu.