Mbuzi wa Posa kwa Jiko Lisilowaka

Luseno alitoka soko la mbuzi la Kiamaiko Ijumaa asubuhi akivuta mbuzi mweupe kwa kamba, na laiti angefululiza hadi chumbani kwake, leo angekuwa mkwe wa watu bila maneno. Mzee Wamalwa, babake Nangila, alikuwa amesema waziwazi: Jumamosi saa nne nione mbuzi wa posa mlangoni, la sivyo msahau binti yangu. Mbuzi huyo alikuwa amemaliza kila shilingi mfukoni mwa Luseno. Lakini kuna watu walioumbwa na ugonjwa wa macho: hawawezi kuona mali ya mwenzao bila kuiona tayari wameiuza.

Donholm, kando ya barabara ya Outer Ring, nyuma ya kibanda cha Kibibi muuza mishikaki, ndipo ugonjwa ulipompanda. Hapo palikuwa na jiko la gesi la kuchomea nyama, kubwa, lenye magurudumu na mfuniko kama jeneza la tajiri, aina ile wageni wa Lavington huacha wanaporudi kwao. Lilikuwa limetupiwa gunia kana kwamba ni maiti.

Hapa inafaa tumpe Luseno heshima yake. Ulimi alikuwa nao. Mwaka uliotangulia, maji yalipopotea mtaa wa Umoja, aliwauzia watu nafasi kwenye foleni ya bomba lililokauka, na wawili walimshukuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikutilie mishikaki mingapi?"

"Leo sina njaa, nina huruma. Hilo jiko lilifariki lini?"

Kibibi, mama wa makamo mwenye leso mbili na upepeo mmoja, alishusha pumzi. "Usinikumbushe. Aliniachia tajiri wangu niliyemfulia miaka minane. Sasa haliwaki, nami sijui nishike lipi. Nilitengeneze, nilikate liwe la makaa, au nilitupe nitafute jingine?"

"Una bahati. Mimi ni fundi wa gesi."

Alikuwa fundi wa gesi tangu dakika ile. Alipiga magoti, akachungulia ndani ya bomba, na moyo ukamruka: kitambaa. Mjinga fulani alikuwa amesokomeza kitambaa kwenye bomba, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wote. Luseno akainuka na uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Kutengeneza, sahau. Limeziba kama mshipa wa moyo. Kipuri chake kinatoka Ujerumani, na siku utakapoliwasha, mama, litakurusha, watakuokota Kayole."

"Basi nilikate, nitie makaa."

"Bati lenyewe hili? Litayeyuka mteja akiangalia."

"Hata kuku hawawezi kulala humo?"

"Kuku wana akili zao. Wakinusa gesi watahama estate."

Kibibi akatikisa kichwa kwa majonzi. "Basi ni la kutupwa. Kuna jamaa wa vyuma chakavu hupita hapa saa sita. Nitampa yeye."

Saa tano ilikuwa imeshapita. Luseno alijipapasa mifuko, akapata kiberiti na tikiti ya basi. Kichwani alikuwa ameshafika Eastleigh, kwa Jimale mwenye hoteli, aliyekuwa akifungua ya pili. Jiko kama hilo dukani lilikuwa bei ya mbuzi ishirini. Hata Jimale akilipa robo, jioni Luseno angerudi Kiamaiko na kuchagua mbuzi watano, na Mzee Wamalwa angemwita mwanangu mbele ya watu.

"Nipe mimi nilitupe kwa usalama," alisema. "Ila sina pesa leo."

"Na huyo?" Kibibi alimtazama mbuzi kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Huyu ni wa posa, mama."

"Basi mwache. Mbuzi mwenyewe mbavu nje."

Hapo Luseno akaumia. Alimsifu mbuzi wake. Alimpapasa mgongo, akafungua mdomo wake kuonyesha meno, akabembeleza kwa nusu saa nzima, hadi Kibibi akaipokea kamba kwa uvivu wa mtu anayepokea mzigo wa jirani. Kisha, kama ilivyo desturi ya mtaa mnapobadilishana vitu, akamwita Kimeu, mshona viatu wa kibanda cha pili.

"Kimeu, sikia, uwe shahidi. Kijana ametoa mbuzi, amechukua jiko. Hakuna kurudishiana."

"Hakuna kurudishiana," Luseno alirudia, akijizuia asicheke.

Alilisukuma jiko kwa magurudumu yake hadi Eastleigh, akipigiwa honi na kila gari. Njiani alichomoa kile kitambaa. Kwa Jimale waliunga mtungi wa gesi, akawasha, na miali ya buluu ikasimama kwa mistari kama gwaride.

"Linawaka vizuri," Jimale alisema bila kuacha chai yake. "Hata mwezi wa nne liliwaka vizuri."

"Mwezi wa nne?"

"Kibibi aliniazima nilijaribu. Siku tatu tu, nikamrudishia. Nyama haina moshi. Wateja wakaniuliza kama nimeichemsha nikaipaka rangi. Ndambuki jirani naye alijaribu, naye akamrudishia. Hicho kitambaa si kina maua ya manjano?"

Luseno alikitazama mkononi. Kilikuwa kipande cha leso yenye maua ya manjano, kama ile aliyojifunga Kibibi.

"Nipe bei ya mbuzi mmoja tu, bosi."

"Hata bure, litanilia nafasi ya meza."

Saa kumi na moja alifika tena Donholm, jiko mbele, jasho nyuma. Moshi wa makaa ulikuwa umetanda barabarani na watu walikuwa wamepanga foleni. Ngozi nyeupe ilikuwa imeanikwa uani. Na kwenye benchi, akiwa na ubavu mkononi na mafuta kidevuni, alikuwa Mzee Wamalwa.

"Luseno, keti," alisema mzee kwa furaha. "Huyu mama leo amepata mbuzi wa maana. Wa kesho awe hivi hivi. Akipungua hata kidogo, usivuke mlango wangu."

Kibibi hakuinua macho kutoka kwenye makaa. "Kijana huyu anawajua mbuzi, mzee. Hebu mkatie aonje."

Mzee akamkatia kipande kizuri cha paja. Luseno akakipokea kwa mikono miwili, akaitafuna posa yake kwa kachumbari, na kwa kuwa baba mkwe mtarajiwa alikuwa akimsubiri aseme neno, ikambidi aisifu.