Ngoma Kubwa Njia ya Mogitu

Jumatatu, 2 Juni 2003
Ukungu umeshuka hadi mabwenini. Mlima Hanang hauonekani. Mwalimu Theodory ametangaza: Jumamosi bendi ya chuo itashindana na kikundi cha Mogitu uwanjani Katesh. Washindi watapiga Babati, kwenye sherehe ya mkoa mpya. Ngoma kubwa kapewa mwenzetu Imakulata. Mimi ngoma ndogo, mstari wa nne. Haiwezekani! Mara mbili nimeota niko Babati, ngoma kubwa tumboni, mkoa mzima kimya ukinitazama.

Jumatano, 4 Juni
Nimekwenda Mogitu kwa siri. Kwao hakuna noti za muziki wala ubao. Kiongozi wao, mzee Yoakimu, fundi baiskeli, hutamka mapigo kwa mdomo, nawe unayatembea mpaka miguu iyashike. Nikampa shikamoo, nikasema nimeacha chuo. Akanivisha ngoma kubwa papo hapo! Ngozi ya ng'ombe, inanukia zizi. Ukiipiga, kifua kinaitika. Akauliza chuoni tunafundishwa nini miezi yote hiyo. Nikasema: kusimama. Walicheka sana. Chuoni mapigo mawili mazito ni amri ya kusimama. Mogitu ni amri ya kukaza mwendo. Nimetembea nayo hadi jioni. Raha tupu.

Ijumaa, 6 Juni
Imakulata kateguka mguu. Sikumgusa! Nilimwonyesha tu hatua za Mogitu kwenye ngazi za bwalo. Mwalimu akauliza nani ataiweza ngoma kubwa. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Imakulata, mguu ndani ya beseni, akasema: kaka Modest, kupiga kila mtu anapiga, kazi ni kuwasimamisha watu. Wivu!

Jumamosi, 7 Juni
Tuliingia vizuri. Ukungu uwanja mzima, miguu kama inakanyaga pamba. Nikafumba macho. Babati ikanijia, taa zote. Mbele ya waamuzi nikapiga mawili mazito, nikakaza mwendo. Tarumbeta zikanyamaza. Nikadhani uzuri umewazidi. Nikaendelea. Muda mrefu, mtamu.

Nilipofumbua macho nilikuwa njia ya Mogitu, peke yangu. Nyuma yangu ng'ombe kumi na mmoja, wakifuata. Mchungaji mzee, Tluway, akaniuliza kwa upole napeleka ngoma kwa nani. Nikampa shikamoo.

Bendi ilibaki imesimama mbele ya waamuzi, ikisubiri pigo la kuondoka.

Jumapili, 8 Juni
Mogitu wanakwenda Babati. Mwalimu kanivua mkanda wa ngoma, akampa Imakulata, ambaye bado anachechemea. Mzee Yoakimu kapita kunisalimu. Anasema Jumatano alijua mimi ni wa chuo. Ndiyo maana alinivisha ngoma haraka. Akanishukuru.

Nimetafakari kwa makini. Kosa ni ukungu.

Nasikia Gitting kuna kikundi kipya, hakina mpiga ngoma kubwa. Jumanne nakwenda kwa siri. Nitasema nimeacha chuo.