Bustani ya Majini ya Mama Mkwe

Jumapili, 12 Mei

Nashukuru. Leo nimeshinda! Mama mkwe akishatolewa mtoto wa jicho atakuja kupumzika kwetu, hataenda kwa shemeji. Shemeji anakaa ghorofa ya tatu, na ngazi na mgonjwa wa macho havipatani. Hoja hiyo niliitoa mimi, kwa sauti ya upole kabisa. Mke wangu alinitazama tu. Ananijua.

Shida ni tangi. Shemeji, fundi wa majokofu, ana tangi la samaki lenye mimea hai. Majani yanayumba, samaki wanajificha na kuchomoza, utadhani amekata kipande cha mto akakileta sebuleni. Mama hupenda kukaa mbele yake. Husema anaona ukijani tu, kama ukungu, lakini unamtuliza. Sasa ataona sawasawa, halafu nimkalishe mbele ya ukuta wangu mtupu? Mama huyu alinikubali wakati ukoo mzima unanong'ona kwamba binti yao anaolewa na muuza mapazia! Kitu cha kwanza atakachokiona vizuri lazima kipendeze. Na lazima kiwe changu.

Jumatano, 22 Mei

Tangi limefika. Muuza samaki alinisihi niende taratibu: maji yatulie kwanza, samaki waje baadaye, taa iwake saa chache tu. Nilimshukuru sana. Nikabeba vyote kwa mkupuo mmoja.

Kuna mmea wa majani mapana ambao alisema shina lake nene lisifukiwe, lifungwe juu ya jiwe. Nimelifukia. Mmea usiofukiwa unaonekana kama umedondoshwa.

Taa inawaka kutwa. Tena nimeliondoa pazia la dirishani ili jua liingie. Mimi, muuza mapazia! Sasa jirani anatuona tukila. Anatupungia mkono, nasi tunampungia. Mtu mwema sana.

Jumatatu, 27 Mei

Mimea imenuna. Haikui. Nimeipa mbolea ya mke wangu, ile ya maua ya barazani. Kiganja kimoja. Kisha kingine, maana cha kwanza hakikuonekana kilikoenda.

Jioni shemeji akapita, eti kusalimia. Mtu anasalimia huku amechuchumaa mbele ya tangi? Akauliza kama nimetia kitu majini. Nikamwambia maji. Akasema nikikwama nimwite, wakati wowote. Kejeli hiyo!

Alhamisi, 6 Juni

Balaa! Kijani kimekuja, lakini kimekuja kwenye maji. Tangi zima supu. Samaki siwaoni, nawaamini tu. Kioo kinateleza kwa mwani. Mmea wa majani mapana umeoza shinani, umeng'oka, unaelea kama tambara la deki.

Mke wangu akainusa sebule. Akaenda barazani, akarudi na mfuko wa mbolea uliosinyaa. Akauliza maua yake yamenikosea nini hata niyaibie chakula. Nikasubiri makelele. Hayakuja. Alikunja mikono ya gauni, akashika ndoo, tukawahamishia samaki kwenye beseni la maji aliyokuwa ameyalaza tangu jana. Kumbe alishaona msiba unakuja. Samaki wote wazima! Sijui nilimfanyia Mungu jambo gani hata akanipa mke huyu.

Mama amefanyiwa upasuaji leo, salama salimini. Kesho asubuhi bandeji inatolewa. Hakuna muda. Nimesugua tangi, nimerudisha samaki, nimepanda mimea ya plastiki. Kijani kweli kweli. Mama hatajua.

Ijumaa, 7 Juni

Amejua.

Aliketi kwenye kochi akaanza kwa kutazama mikono yake. Akaigeuza huku na huku. Kisha akamvuta binti yake karibu, akamtazama uso, akasema, "Kumbe umeanza mvi, mama." Akataka kulia, akakumbuka daktari amemkataza, akajizuia. Nami nilikuwa na jambo la kutazama nje ya dirisha.

Ndipo akageukia tangi. Nikasimama wima.

"Mwanangu," akaniambia, "lile jani lina mshono."

Kwa jicho la zamani ningemdanganya mwaka mzima! Nikaeleza yote: shina, taa, jua, mbolea. Akacheka hadi mke wangu akamshika kichwa kisitikisike. Kisha akasema tangu macho yaanze kufifia, watu walikuwa wakimwambia tu kwamba kitu fulani kizuri, naye anaitikia. Hakuna aliyewahi kujisumbua hivi ili yeye aone mwenyewe. Sina hakika kama ilikuwa sifa. Nimeipokea kama sifa.

Halafu akaomba simu, akampigia shemeji. Nilitamani kuingia tangini na kukaa na wale samaki.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kaja na mfuko wa mimea iliyolowa. Amekata nusu ya bustani yake! Nilijiandaa kwa kejeli. Akaniambia kwa sauti ya chini, mama asisikie, kwamba samaki wake wa kwanza walikufa wote, na kwamba siku ile alipopita alitaka kunionya ila aliogopa nitamwona anajidai. Nikamwambia, "Wewe? Ujidai? Hata!"

Tukazamisha mikono hadi viwiko. Yeye alipanga mawe, mimi nikafunga mashina kwa uzi wa mapazia. Alikiri hajawahi kuona fundo kama langu. Mama akatuamuru toka kwenye kochi: kushoto kidogo, hapana, kushoto kwangu mimi. Samaki wakaingia majanini wakatoweka. Mama akawatafuta mmoja mmoja, na kila aliyempata alimtaja kwa rangi yake. Shemeji alinishika bega kwa mkono uliolowa. Sikuufuta.

Jumamosi, 22 Juni

Jani jipya! Mama ndiye aliyeliona, dogo kama ukucha. Shemeji akanisisitizia: taa saa chache, usiongeze chochote, subiri. Nimeelewa kabisa.

Lakini mteja mmoja amenipa siri. Mimea ya majini inapenda gesi. Unachanganya sukari, hamira na maji ya uvuguvugu kwenye chupa, gesi inapita kwenye mpira mwembamba hadi tangini. Mpira sijaupata, ila nimetangulia kuchanganya ili gesi ijikusanye. Chupa kubwa. Kifuniko nimekikaza kwa koleo, gesi isipotee hata kidogo. Nimeificha nyuma ya kochi la mama, anapolala mchana, maana pale pana joto zuri.

Nimechungulia sasa hivi. Imeanza kuvimba. Nashukuru sana. Kwa mara ya kwanza maishani, kitu changu kinakua kwa kasi ninayoitaka!